Sifa za Taa ya Njano

Kuna taa ndogo ya njano kwenye dashibodi, yenye picha ya injini, ambayo madereva wa njia ya Tabora hadi Ulyankulu wanaichukia kuliko tochi ya trafiki. Ikiwaka, dereva husonya. Abiria wa kiti cha mbele huinama akaitazama, kisha huuliza, "Tutafika kweli?" Wapo waliobandika plasta nyeusi juu yake wasiione. Wapo waliofungua dashibodi wakang'oa balbu kabisa. Mimi naisifu. Imeninyima usingizi na imenitoa pesa mfukoni, na bado naamini hakuna kitu ndani ya gari kinachomtakia mwenye gari mema kuliko taa hii.

Gari yangu ni Probox, yenye injini ya 1NZ-FE. Njia yetu ni ya vumbi. Kiangazi, vumbi lake jekundu ni laini kama unga wa muhogo. Funga vioo vyote, utalikuta kwenye kope. Mbele yako Fuso la tumbaku, nyuma yako bodaboda, na kwenye spika Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, maana kuna abiria ambao bila kwaya hiyo hawajioni kama wanarudi nyumbani. Jina lake linatokana na barabara ya makazi yaliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na wengi wa wajukuu wa wakimbizi hao leo ni Watanzania wenzetu wanaolima, wanaofanya biashara na wanaopanda gari yangu.

Taa iliwaka mara ya kwanza mwezi wa Agosti, nusu ya safari, gari ikiwa imejaa. Gari yenyewe haikubadilika kitu. Haikumisi, haikupoteza nguvu. Niliporudi Tabora nikamfuata kijana mwenye kidude cha kuchomeka. Akabonyeza simu yake mara mbili, taa ikazimika, nikampa elfu kumi. Sikuuliza namba ya kosa, naye hakunitajia. Siku tatu baadaye ikawaka tena. Tukaifuta. Ikawaka, tukaifuta. Kwa muda wa wiki tatu nililipa elfu kumi mara nne ili nisipewe habari.

Mara ya tano nikaenda kwa fundi mmoja mzee.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, baba. Umeshaifuta mara ngapi?"

"Nne."

"Na namba yake ilikuwa ngapi?"

Nikanyamaza. Akachomeka mashine yake, ya waya na yenye kioo chake chenyewe, akasema taratibu, "Mjumbe hauawi, baba." Kioo kikaandika P0171.

Namba hiyo maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Kontroo boksi hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyo karibu na eya klina, hupuliza petroli kulingana na hewa hiyo, kisha sensa ya oksijeni kwenye eksozi huipa majibu kama hesabu imekaa sawa. Isipokaa sawa, huongeza petroli kidogo kidogo. Ikishaongeza mpaka kupita kiasi kilichowekwa, huandika namba na kuwasha taa. Ndiyo maana sikusikia mabadiliko yoyote kwenye mguu: mashine ilikuwa inanifidia kimyakimya, huku inanionyesha taa nijue kwamba inafidia.

Mzee hakugusa kitufe cha kufuta. Alifungua ukurasa wa vipimo vya papo hapo. Injini ikiwa silensa, nyongeza ya petroli ilisimama kwenye asilimia 28. Akaniambia nikanyage hadi mizunguko 2,500. Ikashuka hadi 9. "Kuna mahali inanyonya hewa ya wizi," akasema. Akafungua boneti, akashika ule mpira mweusi unaotoka eya klina kwenda kwenye injini, akaukunja kwa upande wa chini, mahali ambapo macho hayafiki. Ndani ya mkunjo mmoja kulikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha wa kidole gumba. Pembeni mwa mpasuko vumbi jekundu lilikuwa limejichora, likielekea ndani. Akauchomoa mpira, akapitisha kidole ndani yake, akanionyesha: chekundu hadi pingili ya kwanza.

Nilikitazama kidole kile kwa muda mrefu. Vumbi lile lilikuwa limepita nyuma ya chujio. Kwa wiki tatu za njia ya Ulyankulu, kwenda na kurudi, injini yangu ilikuwa inavuta mchanga hadi kwenye pistoni na ringi zake. Mchanga mle ndani hufanya kazi ya msasa. Huanza na ringi, hufuata kuta za silinda, na mwisho wake ni gari inayotoa moshi wa bluu na kula oili, halafu watu wanasema injini za Kijapani siku hizi hazidumu. Taa ilikuwa imeniambia tangu siku ya kwanza. Mpira mpya ulinigharimu pungufu ya zile elfu arobaini nilizotoa kuinyamazisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuitetea. Haikubuniwa kwa ajili ya mfuko wangu, hilo nalijua. Ilitokana na moshi wa magari uliokuwa unawakaba watu wa California. Jimbo hilo liliagiza magari mapya kuanzia ya mwaka 1988 yajikague na kuwasha taa, na kuanzia ya mwaka 1996 Marekani nzima ikawa na soketi moja ya pini 16 na namba zinazofanana. Ulaya wakafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kwa hiyo taa iliyowekwa kulinda mapafu ya watu wa Los Angeles ndiyo inayolinda ringi zangu kwenye pori la miombo, na mimi sioni kwa nini nisishukuru.

Baada ya hapo nikataka mashine yangu mwenyewe, na hapa nina maneno kwa anayetaka kununua. Vile vidude vidogo vya bluutuuthi vilivyojaa madukani vingi ni nakala za ELM327, chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada. Toleo lake la kwanza halikufungwa dhidi ya wizi, likanakiliwa duniani kote. Ukiona kimeandikwa toleo 1.5, ujue kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo hilo. Sisemi havifai. Vingine vinasoma vizuri. Lakini vingine vinaruka maagizo ambayo programu ya simu inayatuma, na hutajua kama kimya chake ni afya ya gari au ni ububu wa kidude. Halafu vinategemea simu, na simu yangu ikifika katikati ya safari huwa na chaji ya kuomba msaada tu. Mimi nilichukua cha mkononi chenye waya, kinachokula umeme wa soketi yenyewe.

Usikubali kulipa kabla hakijasoma gari yako wewe. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi ileile ya pini 16, lakini lugha yake ndani haifanani na ya Wamarekani. Mashine inachomeka vizuri, inakaa, halafu inasema haioni gari. Zile za zamani zaidi zina njia yake: unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stati, na taa yenyewe inaanza kukonyeza namba. Inakonyeza mara mbili, inatua, inakonyeza tano: ishirini na tano. Ikikonyeza mfululizo bila kutua, haina la kusema. Ila waya usiguse pini ya 16, ile ina moto wa betri muda wote.

Na kikubwa kuliko vyote, tazama inaonyesha nini kabla ya kufuta. Mashine inayosoma namba na kufuta tu ni mashine ya kuzima taa. Mashine ya kutengeneza gari inakuonyesha vipimo vya papo hapo, na inakuonyesha picha ya dakika ile kosa lilipoandikwa: mwendo ulikuwa kiasi gani, injini ilikuwa na joto gani, mzigo ulikuwaje. Picha hiyo ukibonyeza kufuta inakwenda. Kuchomoa waya wa betri ni vilevile. Mara nne nilikuwa nimefuta ushahidi wa kesi yangu mwenyewe. Na kumbe haikuwa lazima kufuta: ukishatengeneza tatizo kwelikweli, taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa.

Watu husema taa hii ni mwongo. Nimezunguka na madai hayo kwenye stendi, na karibu kila mara nakuta mkono wa mtu. Mmoja aliuza masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, kwa sababu ya madini yake, platinamu na paladiamu, halafu anashangaa P0420 haimtoki. Mwingine fundi wake alimtolea themostati "kwa sababu huku ni joto". Injini haifiki tena joto lake, inakunywa mafuta, na P0128 inamwambia hivyo kila asubuhi. Kwa wenye Land Cruiser mkonge za pampu ya kawaida sina neno. Gari zao haziongei, nao wamejifunza kusikiliza kwa sikio. Lakini mwenye taa inayokonyeza injini ikiwa inamisi, huyo namwomba apunguze mwendo saa ileile, maana petroli isiyoungua inaenda kuyaunguza masega.

Taa hii hunikumbusha kirangozi. Misafara iliyopita nchi hii zamani, kutoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea hadi Ujiji, iliongozwa naye. Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwaka 1857, ameandika kwamba mpagazi aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini, na mshale ulichomolewa kwenye podo lake ili atambulike jioni kambini. Kirangozi akisimama, mamia ya watu wenye pembe na vitambaa mabegani walisimama bila kujua ameona nini mbele. Wanyamwezi walioifanya kazi hiyo hawakuwa wajinga. Walijua anayetangulia ndiye anayeona.

Siku hizi gari ikiuzwa Ulyankulu wananiita niende nayo mashine. Naenda nayo, lakini naiacha kwanza mfukoni. Wiki iliyopita mama mmoja muuza asali alitaka kununua IST kwa mwanawe. Nikamwomba muuzaji afungue swichi bila kupiga stati, nikamwambia mama asogee atazame dashibodi. Taa ya oili ikawaka. Ya betri ikawaka. Ya injini kimya, pale ambapo kwenye kila gari nzima lazima iwake sekunde chache kujionyesha kwamba ipo.

"Ile ya njano mbona haipo?" mama akauliza.

Muuzaji akasema, "Mama yangu, hii gari haina tatizo hata moja."

Mama akafunga mlango taratibu, akajifunga kanga vizuri, akaniambia twende tukaangalie ile nyingine.