Jinsi ya Kuuliza Namba ya Oda Yako na Kupewa ya Jirani

Umeingiza oda mpya kwenye hifadhidata. Namba yake hukuiandika wewe, jedwali linajipangia lenyewe. Sasa unaihitaji, kwa sababu bidhaa za oda hiyo zinakaa jedwali la pili, na kila moja lazima ijue ni ya oda ipi. Fuata mwongozo huu, utafika. Wapi, hatusemi.

Anza na njia ya wazee: SELECT MAX(id). Chukua namba kubwa kuliko zote, uamini ni yako. Kwenye kompyuta yako, ukiwa mteja peke yako, haikosei hata mara moja, na bosi atakupigia makofi. Usijisumbue kuwaza jioni ya mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, Asha anaagiza kitenge na Juma anaagiza betri ya gari kwa wakati mmoja. Programu ikija kumuulizia Asha MAX, oda ya Juma imeshaingia. Kitenge hicho, safari kwa Juma! Akitokea mjuaji wa kukushauri ufunge jedwali zima kwanza, mkubalie haraka. Namba itakuwa sahihi, na wateja wengine wote watapata muda wa kutafakari maisha kwenye foleni.

Kuna wasiopenda vituko, hao hutumia LAST_INSERT_ID() ya MySQL. Hii hukumbuka namba iliyozalishwa ndani ya muunganisho wako tu. Juma aingize oda mia kwenye muunganisho wake, yako haitikisiki. Usikate tamaa, hata hapa pana mwanya. Ukishaingiza oda, rudisha muunganisho kwenye akiba wanayogawana wote, kisha azima mwingine ndipo uulize. Utajibiwa sifuri, au bahati ikizidi, namba iliyoachwa na aliyekutangulia. Vilevile unaweza kuingiza mistari kumi kwa INSERT moja na kudhani umepewa namba ya mstari wa mwisho. Umepewa ya kwanza.

Lakini ufundi wenyewe uko SQL Server. Tumia @@IDENTITY, halafu mwombe mwenzako aweke triga ya ukaguzi, ile inayoandika kwenye jedwali jingine kila oda inapoingia. Jedwali hilo nalo likiwa linajipa namba, wewe utaletewa namba ya mstari wa ukaguzi, na bidhaa za Asha zitaning'inia kwenye oda isiyojulikana. Utamu ni kwamba triga inaweza kuja hata miaka mitatu baada yako. Msimbo wako haujaguswa, majaribio yote yalipita, na sasa unasema uongo. SCOPE_IDENTITY() haidanganywi na triga hiyo, ndiyo maana hatuipendekezi.

RETURNING ndiyo usiitazame kabisa. PostgreSQL wanayo tangu toleo la 8.2 la mwaka 2006: unaandika RETURNING id mwishoni mwa INSERT, na amri ileile inayoingiza ndiyo inayokujibu, hata mistari ikiwa kumi. MariaDB wakaiga katika toleo la 10.5, SQLite mwaka 2021. Wanaoandika Java wana getGeneratedKeys(), mradi wawe wameomba namba hizo mapema, kabla ya kuingiza. Watu wa namna hii hawapigiwi simu saa nane usiku, na ofisini hakuna anayejua kama wapo.

Ukishaipata namba, kwa njia yoyote, subiri mhasibu. Atakuja kuuliza oda ya 1041 imekwenda wapi. Ukweli ni kwamba muamala ulikatishwa katikati, na namba ikishatolewa hairudishwi, maana kuirudisha kungewafanya wengine wote wasubiriane. Usimwambie hayo. Mwambie 1041 iko njiani, kisha baki ofisini uiingize kwa mkono. Kesho ataulizia 1057.