Shikamoo Anko, Umekufa Tena

"Shikamoo anko," sauti nyembamba ilisema kwenye hedifoni zangu usiku wa kuamkia leo.

"Marahaba, hujambo mwanangu?" nikaitikia, maana malezi ni malezi hata kama umeshika bunduki.

"Sijambo. Anko, samahani, naomba ukae hapo hapo nyuma ya kontena. Usitoke. Ukitoka unawapa pointi."

Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Angetukana ningebonyeza kitufe cha kumshtaki, nikalala nikiwa nimeonewa. Yule mtoto alinistaafisha kwa heshima zote, na wenzake watatu wakakaa kimya kama wazee wa ukoo wanaoafiki. Basi nikakaa nyuma ya kontena. Nikauawa nyuma ya kontena.

Gemu hizi za risasi zina ukatili mmoja wa pekee: ukishakufa, unaonyeshwa marudio ya kifo chako kwa macho ya aliyekuua. Nikajiona. Jitu limevaa ile kofia ya bure wanayopewa wageni wote, limeupa uso ukuta, mtutu unaelekea mbinguni, linarukaruka papo hapo. Mimi nilikuwa natafuta kitufe cha kuchuchumaa. Muuaji wangu hakuwa na haraka. Alisimama nyuma yangu akanitazama, akarudisha bunduki mgongoni, akachomoa kisu. Aliponimaliza akanichezea ngoma juu ya mwili, na ngoma yenyewe si ya bure, inauzwa dukani humo humo kwenye gemu. Yaani mtu alitoa fedha mfukoni ili aje kucheza juu yangu.

Ubao wa matokeo ukafunguka. Mimi: kuua 2, kufa 19. Mmoja wa hao wawili intaneti yake ilikuwa imekatika, amesimama uwanjani kama nguzo. Mcheza ngoma: kuua 41. "Asante anko, usiku mwema," akasema mtoto, akaondoka.

Ifahamike kwamba sikujipeleka kwenye ligi. Gemu hizi zina milango miwili. Mmoja ni wa ushindani, ambako watu wanapanda na kushuka madaraja, wanapanga mbinu na hawachekani. Mwingine ni wa kawaida, wa sisi tuliorudi kazini tumechoka, chai iko pembeni na simu iko asilimia thelathini. Mimi niliingia mlango wa kawaida. Mtu wa kuua 41 alikuwa anatafuta nini humo?

Mchangani tulikuwa na njia yetu ya kupanga timu. Manahodha wawili walichagua kwa zamu, na aliyebaki mwisho alikwenda golini. Mimi nililijua goli vizuri. Njia ile haikuwa na huruma, lakini walau nahodha alikuwa ameiona miguu yetu. Kompyuta haijawahi kuniona miguu, kwa hiyo inanipa namba, na mambo ya namba hii ni matamu kuliko gemu lenyewe.

Chimbuko lake ni chesi. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani, alitengeneza hesabu ambayo chama cha chesi cha Marekani kiliipokea mwaka 1960, na shirikisho la dunia likaifuata mwaka 1970. Kila mchezaji ana namba. Tukikutana, tofauti ya namba zetu inatabiri nani atashinda. Ukinizidi pointi 200, unatarajiwa kuvuna kama pointi 76 katika kila 100 tutakazogombea. Ukinizidi 400, unavuna kama 91. Baada ya mchezo namba zinasahihishwa kulingana na mshangao. Mkubwa akimpiga mdogo anaongezewa kiduchu, kwa kuwa hakuna asiyelijua hilo. Mdogo akimwangusha mkubwa, anaondoka na mzigo.

Lakini chesi ni ya watu wawili. Kwenye gemu la watano kwa watano, timu ikishinda utajuaje nani alipigana na nani alijificha nyuma ya kontena? Watafiti wa Microsoft huko Cambridge, Uingereza, walilijibu kwa mfumo wa TrueSkill, uliotumika kwenye Xbox Live na kwenye Halo 3 ya mwaka 2007. Wao walimpa kila mchezaji namba mbili, moja ya ustadi unaokisiwa na nyingine ya shaka. Ukifika mgeni, mashine inakukisia 25, na shaka yake ni kama 8.33. Halafu ili isije ikakusifu bure, inakutolea hiyo shaka mara tatu. Unabaki na sifuri. Hujagusa hata kitufe, tayari una sifuri ya kisayansi! Kadiri unavyocheza shaka inapungua, na ukweli wako unajitokeza. Wangu umejitokeza vizuri sana.

Basi kama mashine inanijua hivyo, kwa nini inanipeleka kwa mcheza ngoma? Kwa sababu inatumikia mabwana watatu: ustadi, umbali na muda wa kusubiri. Activision, wenye Call of Duty, walipoeleza mfumo wao mwaka 2024 walisema wazi kwamba ubora wa mawasiliano unatangulia, kisha muda wa kusubiri. Ustadi unakuja nyuma yao. Penye wachezaji wengi mabwana wote watatu wanaridhika. Saa nane za usiku Afrika Mashariki, waliobaki macho ni wachache, na wengi wao ndio wale wasiolala kwa ajili ya gemu. Hapo mashine inaokota aliye karibu.

Au inakupeleka mbali. Tuseme seva iko Frankfurt. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama waya ungenyooka kama rula. Haujanyooka. Unazama baharini, unapanda na Bahari ya Shamu, unavuka Misri, ndipo unaiona Ulaya. Simu yangu kwa kawaida inasoma zaidi ya 150. Mjerumani mwenye seva mtaani kwake ananiona mapema, na mimi namwona akiwa ameshahama.

Wahandisi walilitafutia dawa. Mwaka 2001, Yahn Bernier wa kampuni ya Valve aliandika jinsi seva inavyokumbuka kila mtu alikuwa wapi muda mfupi uliopita. Risasi ikifika, seva inarudisha saa nyuma, inaangalia mpigaji alikuwa anaona nini wakati anabonyeza, kisha inatoa hukumu. Ni haki kwa mpigaji. Kwa mpigwa, maana yake ni kwamba unaweza kukimbia, ukakata kona, ukajibanza salama salimini nyuma ya ukuta, ukavuta pumzi, halafu ukafa. Kesi yako imesikilizwa katika wakati uliopita na wewe hukuitwa.

Juzi bando liliisha nikiwa nimemlenga mtu kichwani. Jumapili iliyotangulia nililipukiwa na bomu nililolirusha mwenyewe, likagonga mlango likarudi.

Hayo yote nayameza. Lisilomezeka ni jingine. Wababe wamekuwa wakilalamika miaka mingi kwamba kupanga mechi za kawaida kwa ustadi kunawaonea: kila mechi ni jasho, wanataka kupumzika. Nilipowasikia mara ya kwanza niliwahurumia. Kisha nikajiuliza wanapumzikia wapi. Wanapumzikia juu yangu. Wapo wanaofungua akaunti mpya kabisa ili mashine iwadhanie wageni, waje wale vya wageni.

Activision walilipima lalamiko hilo mapema mwaka 2024 kwa wachezaji wa Amerika Kaskazini, wakapunguza uzito wa ustadi bila kuwaambia. Kwa ripoti yao, wachezaji tisa katika kila kumi walirudi kucheza kwa kiwango kidogo kuliko kawaida. Waliofurahia ni wale wa juu. Pamoja na hayo, Novemba 2025 Black Ops 7, toleo la Call of Duty, ilitoka ikiwa na upangaji unaojali ustadi kidogo tu kama mpango wake wa kawaida. Kelele zilishinda hesabu. Wababe wana sauti, wana chaneli, wana mashabiki. Sisi wabovu ndio wengi, lakini nani atafungua chaneli ya kuonyesha alivyojificha?

Na kuna jambo linalonikosesha usingizi. Oktoba 2017 kampuni hiyo hiyo ya Activision ilipewa hataza Marekani kwa mfumo unaoweza kumpanga mchezaji mchanga na mzoefu mwenye silaha ya kununua, ili mchanga atamani, naye anunue. Kampuni ilisema ni kazi ya utafiti tu na haijatumika kwenye gemu lolote. Sawa, nawaamini. Ila usiku ule, kabla sijazima simu, mimi niliyefia kwenye gemu la watu wengine kabisa nilijikuta dukani naulizia bei ya ile ngoma.

Ombi langu kwa watengenezaji ni dogo. Kabla mechi haijaanza, tuonyesheni viwango vya wote tunaoingia nao, na mtuachie kitufe cha kukataa bila adhabu. Nitasubiri dakika tano, kumi, chai ninayo. Nanyi wababe, mlango wenu upo na umeandikwa kwa herufi kubwa, utumieni. Mchezaji mbovu naye amenunua bando kwa fedha yake. Apangiwe wabovu wenzake.