Heko kwa Tela

Merikebu imesifiwa, ngamia amesifiwa, hata gari moshi lina nyimbo zake. Tela la kulala halijapata mshairi. Nyumba hii ndogo yenye kitanda, jiko na choo, ambayo mume na mke huifunga nyuma ya gari wakaenda kutembea nchi, huambulia lawama tu: inakunywa mafuta, inakwaruza nguzo, inavuja paa. Ni dhuluma. Hakuna chombo kilichowafumbua macho watalii kuliko hiki, hasa watalii waliooana.

Shahidi wa kwanza ni sinema. Mwaka 1954 kampuni ya MGM ilitoa The Long, Long Trailer, filamu ya Vincente Minnelli ambamo Lucille Ball na Desi Arnaz, waliokuwa mke na mume hata nje ya kamera, wanaigiza maharusi wanaozunguka Marekani na tela la futi 36, karibu mita 11. Bibi harusi anaokota mawe kila wanapofika, yawe kumbukumbu. Bwana harusi anarudisha tela nyuma nyumbani kwa ndugu za mkewe na kufyeka maua pamoja na kibaraza. Mke akijaribu kupika huku tela likienda, chakula kinaishia mwilini mwake na sakafuni. (Leo majimbo mengi ya Marekani hayaruhusu mtu kukaa ndani ya tela la namna hiyo likiwa barabarani, na wapishi wamekosa mengi.) Watazamaji hucheka wakidhani tela ndilo linalokejeliwa. Kumbe maharusi hao walianza safari wanajuana sura tu, na kufikia mlimani mume amejua kwamba mkewe huficha mawe, naye mke amejua kwamba mumewe ana hofu ya makorongo. Posa na mahari havifichui hayo.

Tela pia lina hekima ya kuwanyima watu wanachokitaka. Katika hifadhi ya Glacier, Montana, barabara maarufu ya Going-to-the-Sun hairuhusu sehemu yake ya juu kupitwa na chombo chenye urefu unaozidi futi 21 au upana unaozidi futi 8, na gari na tela hupimwa kwa pamoja. Kule South Dakota, tundu la mwambani liitwalo Needles Eye lina upana wa futi 8, ambao ndio upana wa matela mengi, na mengine huzidi. Mwenye gari dogo hupita, hupiga picha, husahau. Wenye tela husimama wakisoma kibao cha vipimo neno kwa neno, wanabishana kuhusu inchi mbili tatu za chuma, kisha wanatafuta njia ya kuzunguka. Ni mtalii gani mwingine anayejua kimo cha kila daraja alilolipita? California nayo huwawekea wakokotaji wote kikomo cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 88. Mandhari yatazamwe polepole, kwa amri ya sheria.

Ila utukufu wa tela huonekana hasa jioni, kambini, wakati wa kupiga rivasi. Dereva akikata usukani kulia, tela huenda kushoto. Wazoefu hushika usukani kwa chini, ili mkono uelekee kule ambako mkia wa tela unatakiwa kwenda, na mume huijua kanuni hiyo vizuri kabisa. Mikono yake ndiyo haijaambiwa. Mke anashuka kuwa utingo. Utingo wa lori la Mombasa au Morogoro ana lugha iliyokomaa: “kata, kata, njoo, njoo,” kisha kofi moja la nguvu kwenye bodi, na dereva anakanyaga breki bila kuuliza. Utingo wa ndoa amevaa kandambili na ana neno moja tu, “kushoto!” Kushoto kwa nani? Kwake, kwa mumewe, au kwa tela? Tena amesimama mahali ambapo vioo vya pembeni havimwoni, na kanuni ni kwamba dereva asipomwona anayemwelekeza, asimame. Anasimama. Majirani wa kambini wanavuta viti karibu, kwa maana mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi.

Baada ya hapo hutolewa pimamaji, kwa kuwa tela lazima likae sawasawa: jokofu la gesi la aina ya zamani likiinama huharibika. Ni wenzi wangapi wasio na tela waliowahi kupiga magoti pamoja, saa 3 usiku, kutazama kipovu kimoja cha hewa?

Msafiri aliyeliheshimu tela ipasavyo ni Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matela ya Airstream. Kuanzia mwaka 1959 aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, kupitia Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia. Wengi wa wasafiri hao wangeweza kubaki nyumbani wakipalilia bustani. Walichagua matope, vumbi na magurudumu ya kubadilisha, na mwishowe wakayapanga matela yao ya rangi ya fedha mbele ya piramidi za Giza.

Wasioweza kufika Giza wasikate tamaa, kwani tela lina piramidi yake. Chini ya choo kuna tenki la uchafu lenye valvu, ambayo inatakiwa ifungwe mpaka tenki likaribie kujaa. Wenzi wavivu huiacha wazi. Maji hutoroka kupitia bomba, na vilivyo vizito hubaki, hurundikana chini ya tundu la choo na kukauka kwa umbo la kifarao kabisa. Tiba yake ni kufunga valvu, kumimina maji mengi ndani ya tenki na kuendesha, ili mtikisiko ubomoe mnara huo. Hapo ndipo mume na mke, ambao safari nzima walikuwa wakiyalaani mashimo ya barabara, huanza kuyatafuta kwenye ramani.