Divisheni Wani ya Raha

Timu yetu ya maveterani hucheza kila Jumapili asubuhi, kabla jua la Dar es Salaam halijaanza kuuma. Masharti ya kujiunga ni mepesi: uwe umevuka miaka 35, uwe na jezi, na usimpige tobo mtu mwenye kitambi mbele ya mkewe. Kama tunaridhika na mchezo wenyewe, hakuna aliyewahi kutuuliza, mpaka mpwa wa katibu, anayesoma chuo, alipokuja na bahasha ya fomu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Umeleta posho?"

Hakuleta. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya, tumetoka kupigwa nne bila na kipa hasemi na mabeki. Kipa alijaza fomu yake kwa kalamu iliyotoboa karatasi.

Maswali yalikuwa 18, kila moja alama 1 mpaka 7. Kipimo hicho cha furaha kilitungwa Marekani na watafiti Kendzierski na DeCarlo, kikatoka mwaka 1991. Huku unafurahia, kule unachukia, wewe unachagua namba. Maswali mengine yamegeuzwa, furaha ikawa upande wa 1, ili anayejaza bila kusoma anaswe. Tulinaswa kama dagaa. Tena sisi tuna matatizo yetu: tumesomea nchi ambayo mtoto akipata divisheni wani anachinjiwa jogoo, akipata divisheni foo nyumba nzima inaongea kwa kunong'ona. Kwa hiyo waliofurahi kupita kiasi waliandika 1 kila mahali, kwa fahari, na kwenye maswali ambayo hayakugeuzwa kijana akatuona kundi la watu wenye huzuni nzito.

Ukurasa wa mwisho ulipima uchovu, kuanzia 6 mpaka 20. Kwa nini 6? Kijana akaeleza kwamba ni kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden. Namba yako ukiizidisha kwa 10 unapata makadirio ya mapigo ya moyo kwa dakika. Beki wetu wa kushoto, aliyeingia mpira ukikaribia kwisha, alikuwa ameshaandika 20. Akapiga hesabu kwa vidole, akakaa chini taratibu, akaomba maji.

Tukahamia kwenye supu. Makongoro yalipofika, na ndimu, na chapati za moto, kijana akaomba tujaze upya. Ghafla kila mtu ameridhika! Kipa aliweka 7 mpaka kwenye maswali yaliyogeuzwa, mkono mmoja umeshika mfupa, fomu ikabaki na alama ya mafuta ambayo nayo, ukiniuliza mimi, ni jibu.

Fomu ile ilikosa kisanduku cha lawama. Mveterani akipata wa kumlaumu, Jumapili yake imekamilika: refa kipofu, njumu za kuazima, kocha anayempanga shemeji yake namba tisa. Tuna mzee mmoja ambaye hata baada ya supu alijaza chuki tupu. Uwanja mbovu, pasi mbovu, wenzake wabovu. Ndiye huyo anayempigia katibu simu Ijumaa usiku kuuliza kama jezi zimefuliwa, na Jumapili anafika kabla ya mpira.

Kijana akakuna kichwa. "Sasa mjomba, mtu wa namna hii nimwandikeje?"

Katibu akameza tonge. "Huyo mwandike mwenyekiti."