Mbuzi wa Gatwekera na Madume Watano

Wanyama wa Nairobi walikuwa na kisima kimoja kikubwa, na kila baada ya miaka mitano walichagua mshika ufunguo. Kisima kilikuwa ndani ya ua wenye askari. Maji yake yalifika kwanza kwenye bustani za wenye nafasi. Yaliyobaki yaliingia kwenye mipira myembamba iliyokatiza juu ya mitaro ya Gatwekera na Laini Saba, mitaa ya Kibera, na wanyama wa huko wakayanunua kwa jerikeni. Mnyama anayenunua maji kwa jerikeni hangoji kuambiwa kwamba uchaguzi ni muhimu. Bei ikipanda, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Mwaka wa 2017 madume watano waliungana kuutafuta ufunguo huo: Fahali, Beberu, Kondoo, Punda na Bata Mzinga. Kila mmoja alikuwa na zizi lake, na baadhi yao walikuwa wamewahi kuutaka ufunguo kwa jina lao wenyewe wakakosa. Safari hii walisimama jukwaani pamoja, uwanjani Kamukunji, Kibera, wakashikana kwato kwa bawa. "Sisi ni kitu kimoja," Fahali akasema. "Anayemgusa mmoja wetu ametugusa sote." Vuvuzela zikalia hata waliokuwa relini wakaruka pembeni wakidhani ni treni.

Alikuwako uwanjani hapo Mbuzi jike wa Gatwekera, ambaye majirani walimwita Mama Pacha. Aliamini kila neno. Vijana wa kampeni walipokesha wakibandika picha, aliwapa nusu ya chakula chake, akalala na njaa kwa furaha.

Rafiki yake Kuku aliishi Gatina, Kawangware. Mbuzi alivuka Ngong Road kwenda kumwamsha.

"Mama Vifaranga, safari hii tunaupata."

"Nimesikia, mama. Lakini ploti yetu huku ina mbuzi, ina kondoo, ina bata, na choo ni kimoja. Wakubwa wakikosana huko juu, hiki choo tutakigawana vipi?"

"Hawatakosana. Wameshikana mbele yetu sote."

Kuku hakubisha. Kawangware umoja haukuwahi kutangazwa jukwaani. Ulikuwa ni bati moja lililozitenga familia mbili, na kukopeshana chumvi kupitia upenyo wake.

Agosti 8, filimbi zilianza usiku wa manane. Mbuzi alifika Shule ya Msingi ya Old Kibera giza likiwa bado, akakuta foleni imekunja kona. Wazee wakapishwa, wenye watoto mgongoni wakapishwa, na hakuna aliyenung'unika. Kulipopambazuka alikuwa na wino kwenye ukwato, akatembea akiuinua ili kila anayepita auone.

Siku ya tatu akatangazwa mwingine. Usiku huo Gatwekera ikajaa vitoa machozi, na Mbuzi akawafunika pacha wake nyuso kwa kanga iliyoloweshwa maji yaleyale ya kununua. Kisha Septemba 1 kobe wazee wa mahakama, wanne dhidi ya wawili, wakaamua kwamba uchaguzi haukufuata sheria na urudiwe. Kibera ilicheza mpaka jioni. Lakini siku ya marudio ilipokaribia, Bata Mzinga aliruka ua akajiunga na wa upande wa pili. Oktoba 10, Fahali akajiondoa, akisema waliohesabu vibaya hawawezi kuaminiwa kuhesabu tena, na baadaye akawaomba wafuasi wabaki nyumbani.

Msomaji wa Kenya ameshawatambua madume hawa: hayati Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi, Moses Wetang'ula na Isaac Rutto. Mbuzi na Kuku hawana majina kwa sababu ni wengi mno. Mwaka wa 2013 waliojitokeza kupiga kura nchini walikuwa asilimia 86 ya waliosajiliwa. Agosti 2017 walikuwa karibu asilimia 79. Oktoba 26, siku ya marudio, walibaki asilimia 39 hivi. Wapo ambao wanapoutazama mteremko huo huzungumzia uchovu wa mpiga kura. Mimi siukubali mtazamo huo, walau kwa Kibera. Mbuzi aliyekesha Agosti hakuchoka kwa wiki kumi na moja. Oktoba alibaki nyumbani kwa sababu aliombwa na muungano wake, na aliitii sauti hiyo siku ambayo kubaki nyumbani kulimaanisha kumwachia mwingine ufunguo bila upinzani. Muungano haukupata siku nyingine ya umoja mkubwa kama ile, na walioushika umoja huo ni wale wasiokuwa na kiti jukwaani.

Gharama yake ililipwa Kawangware. Usiku wa Oktoba 27, pale kituo cha 56, vibanda viliteketezwa, na majirani waliokuwa wakijuana kwa jina la mtoto wakaanza kujuana kwa zizi. Kuku alikimbia na vifaranga wake chini ya mbawa. Aliporudi asubuhi, pale ilipokuwa meza yake ya kuuzia palikuwa na misumari tu kwenye majivu. Akaiokota mmoja mmoja, akainyoosha kwa jiwe, maana misumari ni pesa. Lile bati la upenyo wa chumvi lilikuwa limeng'olewa. Madume wote watano walilala salama usiku ule, na wa upande wa pili pia.

Januari 30, 2018, Fahali aliita wafuasi Uhuru Park, aapishwe kuwa kiongozi wa wananchi. Mbuzi alitoka Gatwekera kwa miguu alfajiri. Uwanja ulifurika, hamu imerudi yote. Jua likapanda, likaanza kushuka. Hatimaye Fahali akapanda jukwaani, akaapa peke yake. Beberu hakuonekana. Kondoo hakuonekana. Punda hakuonekana. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake baadaye, na huenda mengine yalikuwa na uzito. Hata hivyo, Mbuzi hakuwa ameombwa maelezo alipoitwa Agosti, wala alipozuiwa Oktoba.

Machi 9, Fahali na mshika ufunguo wakapeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Watatu wengine wakalalamika kwamba hawakushirikishwa. Barabara zikatulia, na kwa utulivu huo namshukuru kila aliyeuleta, kwa sababu Kuku aliweza kuweka meza tena. Lakini katika maneno yote yaliyosemwa kwenye ngazi zile, sikusikia lolote kuhusu meza iliyoungua.

Miaka ikapita. Kufika Januari 2022, Kondoo na Punda walikuwa wamehamia upande wa naibu wa mshika ufunguo. Fahali naye sasa aliungwa mkono na mshika ufunguo yuleyule aliyepambana naye 2017. Beberu alinung'unika, akaondoka, akarudi. Kila upande ukajiita muungano. Vuvuzela zikaletwa Kamukunji, na zilipulizwa, lakini pacha wa Mbuzi, ambao sasa walikuwa na umri wa kupiga kura, waligawanyika. Mmoja alijisajili. Mwingine alisema asubuhi ya kura atapanga jerikeni, kwa sababu foleni ya maji itakuwa fupi. Nchi nzima ilijitokeza kwa asilimia 65 hivi.

Wiki chache kabla ya siku ya kura, kijana mmoja wa kampeni alibisha kwa Mbuzi usiku, na gundi na picha mkononi, akaomba chakula kama zamani.

"Karibu, mwanangu, kula," Mbuzi akamwambia. "Na kura nitapiga, maana ni yangu. Lakini wewe unaonana na wakubwa. Niulizie jambo moja: siku watakapokosana tena, ni nani kati yao atakayekuja kulala Gatina?"

Kijana alitafuna taratibu. "Shosho, hilo sijawahi kusikia likiulizwa."

"Ndiyo sababu nakutuma. Waulize wote, wa upande huu na wa ule. Kisha urudi uniambie waliyokujibu, na unitajie nani alisema nini."

Akala, akashukuru, akaahidi. Agosti 9 ilifika hajarudi. Kampeni za 2027 zimeshaanza, na Mbuzi bado anamuulizia kwa kila anayepita na gundi.