Ibara ya 25 na Masufuria

Siku hiyo mwalimu wetu wa Kiswahili aliingia darasani bila chaki. Tulikuwa kidato cha tatu, tumeshayajua ya dunia: mwalimu mwenye chaki ana mada, asiye na chaki ana jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa usomaji wa ziada. Kila mmoja asome maandiko saba kabla muhula haujaisha, yasiwe ya aina moja, wala yasitoke kwenye orodha ya mtihani. Riwaya zisizidi tatu. Tamthilia iwepo, gazeti liwepo, na yawepo mawili ambayo, kwa maneno yake, “hayakuandikwa ili kumfurahisha mtu.” Kila andiko lipewe ukurasa wake daftarini: jina, mwandishi, halafu “fikra zangu.”

Hapo ndipo tulipoguna. Tangu shule ya msingi tulikuwa tukiulizwa fikra za mwandishi. Dhamira yake, ujumbe wake, msimamo wake, vyote tulivikariri hata kwa waandishi ambao hatukuwasoma. Fikra zetu hakuna aliyewahi kuziulizia, na wengine tulikuwa hatuna hakika kama tunazo.

Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Niliiazima kwa rafiki yangu wa dawati moja, naye aliirithi kwa kaka yake. Humo yumo Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja, na kiko chake. Ilipofika usiku wa pili sikuwa tena mtoto wa Ngamiani, Tanga, mitaa yetu ile inayohesabiwa kwa namba. Nilikuwa mpelelezi, kilichopungua ni kesi tu.

Kesi ikapatikana jikoni. Sukari ilikuwa ikipungua. Nikaweka alama ya kalamu kwenye kopo, nikanyunyiza unga sakafuni, nikalala kwa matumaini makubwa. Alfajiri kopo lilikuwa limeshuka chini ya alama, na kwenye unga zilikuwepo nyayo za kandambili, ya kulia imelika kisigino. Mchana kutwa nilichungulia miguu ya watu. Usiku, baada ya kula, nikaomba kikao. Nikatembea huku na huko nimeuma kalamu badala ya kiko, nikaeleza alama, nikaeleza unga, nikaeleza kisigino, kisha nikageuka na kumnyooshea mtuhumiwa kidole.

Mtuhumiwa alikuwa shangazi, mgeni wetu kutoka Pangani. Alfajiri aliamka kumkorogea bibi uji, kama alivyofanya kila siku tangu afike, na watu wote walijua isipokuwa mpelelezi. Sebule ikanyamaza. Baba aliniuliza kwa upole, na upole wa baba ndio wa kuogopa, kama kitabu hicho kimeandika pia namna ya kumwomba shangazi radhi.

Hakikuandika. Au labda kiliandika mwishoni, ila mwisho wenyewe haukuwepo. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika zote, na mdogo wake rafiki yangu alisemekana kuwa fundi hodari wa mashua za karatasi. Nikabaki na maiti bila muuaji. Daftari lilitaka ukurasa, nami nikamtunga muuaji wangu mwenyewe, nikampa sababu za kuua, nikampa hata majuto. Nikafunika daftari.

Andiko la pili lilikuwa gazeti, na gazeti halikunigharimu senti. Mama muuza vitumbua wa pale kona alifungia vitumbua vyake humo. Nilinunua kimoja cha shilingi 100, nikala, nikakunjua karatasi, nikakuta hadithi ya mfululizo: binti amefungua mlango, na aliyesimama nje ni mtu ambaye binti mwenyewe alihudhuria mazishi yake. Hapo mafuta yakaanza. Neno lililofuata nililisoma kwa kuielekeza karatasi kwenye jua, nalo lilikuwa “Itaendelea.”

Nikarudi kununua cha pili. Karatasi yake ilikuwa msimamo wa ligi. Cha tatu, tanzia. Cha nne, mganga anayerudisha mali iliyopotea na mume aliyepotea, kwa bei moja. Nikamwomba mama muuza anitazamie karatasi yenye hadithi. Akaniangalia kama mtu anayeomba kitumbua chenye herufi za jina lake. “Mwanangu, mimi nauza vitumbua,” akasema. Niliacha baada ya cha tisa, si kwa kukata tamaa, bali tumbo lilikataa kuendelea. Yule binti mpaka leo yuko mlangoni.

Kwenye tamthilia nilichagua Juliasi Kaizari, Shakespeare katika Kiswahili cha Julius Nyerere, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1963. Nililalamika kuwa ni ndefu na kazi za nyumbani ni nyingi. Baba akashusha gazeti lake. “Mtu alikuwa na nchi nzima mgongoni, akapata nafasi ya kuitafsiri. Wewe una mbuzi wawili.” Nikaisoma, na ikanipanda kichwani. Jumamosi moja jogoo wetu alichinjwa kwa ajili ya wageni, nami nikaona haifai azikwe tumboni mwa watu bila hotuba. Nikapanda juu ya kinu, nikakunja shuka begani kama Mrumi, nikaanza kuwahutubia kuku waliobaki niwachochee waasi. Bibi akapiga ukelele, nikadhani hotuba imemgusa. Kumbe ni kinu. Kinu hakikaliwi, sembuse kukanyagwa, na nilishushwa kwa mwiko kabla kuku hawajafikia uamuzi.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, sikukaa nayo. Baba aliiona mezani akainyakua, akisema enzi zao ilipigwa marufuku mashuleni, hivyo lazima aikague kwanza. Ukaguzi ulichukua siku tatu, mlango umefungwa. Aliporudisha alisema, “Inafaa, ila usiisome haraka.” Niliposoma nilikuta ukurasa uliokunjwa pembe, na mkunjo ulikuwa mkuukuu. Marufuku ile, nadhani, haikumpata baba.

Kati ya yale mawili yasiyofurahisha, la kwanza lilikuwa kijikaratasi cha dawa ya bibi. Kilisema dawa inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa usingizi. Nilipatwa na vyote vitatu usiku uleule. Bibi, aliyeimeza dawa yenyewe, alilala fofofo.

La pili lilikuwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ile ya mwaka 1977, nakala ya baba. Nilisinzia mara mbili kabla ya kufika Ibara ya 23. Hapo usingizi ukaruka. Ibara ile inazungumzia haki ya mtu kupata ujira unaolingana na kazi yake. Nikayatazama masufuria yaliyokuwa yananisubiri uani. Nikahesabu miaka niliyoyaosha. Nikachukua Katiba, nikaenda kwa mama, aliyekuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi.

“Mama, kisheria nastahili ujira.”

Hakuacha kukuna. “Nani kasema?”

“Ibara ya 23.”

“Enhe. Soma mbele.”

“Ya 24, haki ya kumiliki mali.”

“Hiyo yangu. Masufuria ni mali yangu. Soma mbele.”

Nikafunua. Ibara ya 25 nikaisoma kimoyomoyo, nikaona bora nikohoe.

“Kwa sauti, mwanangu, nami nifaidi.”

Ilikuwa inahusu wajibu wa kila mtu kushiriki katika kazi halali, tena kwa kujituma na kwa uaminifu. Mama akakung’uta kifuu. “Na ya 26?”

“Kutii sheria.”

“Haya. Sabuni iko dirishani.”

Mama aliishia darasa la saba. Nilichosahau ni kwamba enzi zao siasa lilikuwa somo darasani, na mama ni mtu asiyesahau alichosoma. Waswahili husema mdomo uliponza kichwa. Mimi kichwa changu kiliponzwa na macho, kwa kuishia ibara mbili kabla ya pale palipotakiwa.

Siku ya kukusanya madaftari, langu lilinukia vitumbua. Mwalimu alilifungua kwa ncha za vidole, akasoma ukurasa wa kwanza, akauliza, “Mzimu wa Watu wa Kale umemaliza?”

“Nimemaliza, Mwalimu.”

“Muuaji ni nani?”

Nikamtaja wangu. Mwalimu akavua miwani, na darasa likanusa damu.

Bahati nzuri andiko la saba lilikuwa Kusadikika, la mwaka 1951, na Shaaban Robert ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa Vibambani hapohapo Tanga. Humo Karama anashtakiwa, naye anajitetea siku sita kwa kusimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Nikaona utetezi huo haujawahi kujaribiwa katika shule yetu. Nikasimama wima, nikaanza na habari ya mjumbe wa kwanza, yaani kitabu chenyewe, na safari zake kutoka kwa kaka hadi kwa fundi wa mashua za karatasi. Nikaingia kwa mjumbe wa pili, gazeti, na maafa yaliyompata ndani ya mafuta. Nilipofika kitumbua cha sita, mwalimu aliinua mkono.

“Karama alipewa siku sita. Wewe nilikupa dakika sita, na tano zimekwisha.”

Nikatumia moja iliyobaki kuomba radhi, kazi ambayo muhula ule nilikuwa nimeizoea.

Daftari lilirudi wiki iliyofuata. Alama 13 kati ya 20. Chini, kwa kalamu nyekundu, aliandika kuwa muuaji wangu hayumo kitabuni, lakini ukurasa ule ndio pekee uliokuwa na fikra zangu kweli, kwani kwingine kote niliandika nilichodhani yeye anataka. Alama saba zilizokatwa, akaongeza, tatu ni za uongo na nne ni za mafuta.

Nakala kamili ya kitabu kile niliipata miaka kadhaa baadaye, nikaisoma kwa usiku mmoja. Muuaji simtaji, kitafute mwenyewe. Ila kabla hujaazima riwaya ya upelelezi, funua mwishoni uhakikishe kurasa zipo, bila kuzisoma. Na ukiipenda Ibara ya 23, soma mpaka ya 26 kabla hujaenda kwa mama yako.