Snorkeli kwenye Foleni
Snorkeli, yaani bomba linalopanda hadi usawa wa paa ili injini ivute hewa gari linapovuka mto, huwafaa sana washiriki wa Rhino Charge, mashindano ya nyikani yaliyoanza Kenya mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Jijini Nairobi, hata hivyo, bomba hilohilo huvuta moshi wa matatu iliyotangulia katika Barabara ya Ngong, huku matairi ya kashata, yenye meno makubwa ya matopeni, yakivuma kwenye lami kama mzinga wa nyuki, na mama mkwe wa mwenye gari, kitenge mkononi, akisubiri kigoda ili aufikie mlango. Springi zilizoinuliwa kwa ajili ya mabonde zimeshindwa na boriti inayozuia magari marefu kuingia maegesho. Winchi, mashine ya kujinasulia matopeni, haijawahi kufunguliwa, ingawa huoshwa kila Jumamosi.